Sentensi Niliyoifuta

Nimefundisha fizikia miaka mingi na nimekaa na watu waliosoma mpaka wakachoka, lakini mtu aliyenifanya nielewe tasnifu yangu ya shahada ya pili alikuwa mchapaji. Fizikia hakuisoma hata siku moja. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkazi wa Kisongo, aliyechapa kazi za watu katika kiduka cha steshenari pale Daraja Mbili. Kiduka chenyewe kilikuwa na kompyuta mbili, printa moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikigoma kila Jumatatu, na benchi la wateja ukutani.

Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na watu waliozoea kiti cha kuzunguka na chai ya saa nne walijikuta mtaani wakiuza mitumba. Yeye alikuwa katibu muhtasi wa mkurugenzi. Shirika lilipopata mwenyewe mpya, akapunguzwa. Wengi waliopunguzwa walikuwa hawana hadithi nyingine ya kusimulia. Yeye alijifunza kompyuta kwa wiki sita, akapata kazi kwa mwenye kiduka hicho, na maisha yakaendelea.

Mimi kwetu ni mlimani, kwenye mteremko wa Meru, migomba juu na kahawa chini yake. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini, nimepewa likizo ya masomo ya mwaka mmoja niandike tasnifu yangu ya chuo cha Dar es Salaam. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na sitaficha, kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilipoingia dukani na karatasi zangu zilizojaa alama za Kigiriki, nilitegemea mama wa watu ashtuke.

Hakushtuka. Alizipitia kurasa tatu za mwanzo, akazipanga vizuri, akanirudishia.

"Nieleze kwanza," akasema.

"Mama, we chapa tu kama ilivyo."

"Sichapi kama mashine, mwalimu. Nikichapa nisichokielewa, nikikosea nitajuaje?"

Nikakaa kwenye benchi kwa shingo upande, nikaanza kueleza. Nilimwambia kuna habari zinazoweza kuhifadhiwa ndani ya chembe ndogo mno, ndogo kuliko chochote anachoweza kukiona kwa darubini, na kwamba habari hizo zina tabia ya ajabu: ukizisoma, zinaharibika, na hakuna njia ya kuzitolea nakala. Sasa chukulia umeziweka stoo. Kesho yake unataka kujua kama kuna mtu amezichezea. Utajuaje, na kuzisoma huruhusiwi?

Nilikuwa nimejiandaa kumjibia. Aliangalia kibodi kidogo, akasema, "Sitaziuliza zenyewe. Nitauliza walio kando yake kama bado wanakubaliana."

Jibu hilo mimi lilinichukua muhula mzima na vitabu vya kuazima. Ndivyo inavyofanyika hasa: ujumbe mmoja unafungwa ndani ya chembe kadhaa kwa utaratibu maalumu, na baadaye unapima kama chembe hizo bado zinapatana, bila kugusa ujumbe wenyewe. Zikipatana, sawa. Zisipopatana, unajua kuna mkono umepita, unaukataa ujumbe wote. Kazi yangu haikuhusu kutengeneza kilichoharibika. Ilihusu kujua tu kwamba kimeguswa.

"Hiyo inatosha," akasema. "Mara nyingi mtu anataka kujua hilo tu."

Akaanza kuchapa. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini, alama za Kigiriki akiziingiza moja moja kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwa mhadhiri yeyote. Mchapaji mwenzake, mwanamke wa rika langu mwenye watoto wawili, alikuwa mcheshi sana, akanibatiza jina siku hiyo hiyo: mwalimu wa vitu visivyoonekana. "Karibu, mwalimu wa vitu visivyoonekana. Leo umetuletea nini ambacho hatutakiona?" Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilifurahia kwenda pale.

Tulipofika sura ya tatu, yule mama aliacha kuchapa akanigeukia.

"Huyu mchezeaji wako, mwalimu. Akiwa anajua mlivyofunga?"

"Hawezi kujua."

"Kwa nini asijue? Si kuna mtu aliyefunga?"

Nikacheka. Nikamwambia hayo ni mambo ya polisi, si ya fizikia. Nilipanda kwetu mlimani nikiwa bado nacheka, na nilipofika kwenye migomba ya baba kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtu anayejua utaratibu wote wa kufunga anaweza kufungua, akabadilisha, akafunga tena vizuri kabisa, na chembe zote zitapatana kana kwamba hakuna kilichotokea. Tasnifu nzima ilikuwa na tundu, na tundu hilo lilikuwa limeonwa na mtu aliyekuwa akinichapia.

Nilihangaika wiki mbili. Mwishowe nikaweka namba ya siri ndani ya utaratibu wangu, namba inayochaguliwa kwa kubahatisha kila mara ujumbe unapofungwa, na baada ya tamko langu kuu nikaongeza sentensi moja: kwamba njia hii hugundua mchezeaji yeyote ilimradi hajui namba hiyo. Bila sharti hilo, tamko ni uongo. Mama aliichapa, akaniuliza maana yake kwa Kiswahili, nikamwambia.

"Sasa umesema kweli," akajibu, akageuza ukurasa.

Alikuwa na daftari lake la jalada gumu. Kila jioni kabla ya kuzima kompyuta aliandika humo kazi ya kila mteja ina herufi ngapi kwa hesabu ya kompyuta, na kumpa mteja naye idadi hiyo kwenye kikaratasi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Hapo ndipo aliponisimulia habari za ofisini kwake, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Enzi za taipureta, barua moja ya mkurugenzi ilibadilishwa mstari mmoja baada ya kuwekwa sahihi. Hakuna aliyejua nani kabadilisha, kwa hiyo lawama ikaenda kwa aliyechapa. Akapewa onyo la maandishi, na onyo hilo alilichapa mwenyewe, maana katibu muhtasi alikuwa yeye.

"Tangu siku hiyo," akasema, "kitu kikitoka mkononi mwangu nataka nijue kikirudi ni kile kile."

Nilimheshimu sana kwa neno hilo. Kwa hiyo kwa nilichokifanya baadaye sina cha kujitetea.

Msimamizi wangu wa chuo aliniandikia kwamba kazi ni nzuri ila matokeo yana masharti mengi, na kwamba mwakani kutakuwa na nafasi ya uhadhiri. Hakuniambia niondoe chochote. Mimi ndiye niliyeziunganisha habari hizo mbili njia nzima kutoka posta, na nilipofika nyumbani ile sentensi moja ilikuwa imegeuka kuwa kitu pekee kinachonizuia kuitwa mhadhiri. Nikajiambia watahini wataielewa hata isipoandikwa. Nikajiambia mengi. Ningeweza kumwomba mama aifute, kazi si yangu? Lakini swali lilikuwa lake. Niliona haya kumwambia afute jibu la swali lake mwenyewe.

Nilikwenda mchana, saa ambayo nilijua anakwenda kula. Mwenzake alikuwa peke yake akihudumia foleni ya fotokopi. Nikamwomba nikae kwenye kompyuta nisome kazi yangu mara ya mwisho. Kanuni ya duka ilikuwa mteja asikae kwenye mashine, lakini mimi nilikuwa mwalimu, na nilishakuwa kama mtu wa nyumbani.

"Kaa," akasema. "Ila usituache na visivyoonekana humo ndani."

Nikaifuta sentensi. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanitia kijasho. Nilijua habari za idadi ya herufi. Nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu mchezeaji mwerevu anayekijua kipimo na kukifanyia hila, na sasa nikaanza kuyatumia niliyoyaandika. Kurasa mbili mbele nikaongeza maneno ya kujaza, neno la mkazo hapa, kiunganishi pale, mpaka kompyuta iliponipa idadi ile ile iliyokuwa kwenye kikaratasi changu. Haikupungua hata herufi moja. Nikahifadhi, nikaaga, nikatoka nikijiona mjanja, na nilikula wali maharage kwa mama lishe nikamaliza sahani.

Kesho yake asubuhi nilikuja kuchukua kazi iliyochapwa ili niipeleke ikajalidiwe. Nikamkuta mama amesimama, daftari mkononi. Mwenye duka naye alikuwepo, jambo lisilo la kawaida. Alikuwa mfanyabiashara wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa, mwenye duka jingine la vipuri, na alikuwa mkali kupindukia juu ya jina la duka lake.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, kazi yako imeguswa," akasema mama. "Sikuitoa kwenye printa."

Nikauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Herufi zimepungua?"

"Herufi ziko sawasawa, na hicho ndicho kilichonitisha. Mtu akikosea, idadi inakataa. Huyu idadi ameitengeneza."

Akatufungulia daftari. Kumbe ile idadi ya herufi ilikuwa kipimo cha mbele ya wateja. Nyuma yake alikuwa na kingine ambacho hakumwambia mtu. Kila kazi aliipa namba yake ndogo, aliyoichagua yeye na ambayo mteja hakuijua. Namba ya kazi yangu ilikuwa tano. Kwa hiyo katika kila ukurasa alikwenda mstari wa tano, wa kumi, wa kumi na tano, mpaka chini, akaandika herufi ya mwisho ya kila mstari. Ukiondoa sentensi mahali, mistari iliyo chini yake inasukumana, na miisho yake haiwi ile ile tena. Kuanzia ukurasa wa tamko langu kuu, kwa kurasa mbili na ushei, safu yake na kompyuta havikupatana. Baada ya hapo vilipatana tena mpaka mwisho.

Nilisahau kwa muda kwamba mimi ndiye mwizi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kitu ambacho nilikuwa nimekizungukia mwaka mzima kwa alama za Kigiriki: kipimo kisichosoma maana, kinachouliza vitu vya pembeni, kinachotumia namba ambayo mchezeaji hana. Alikuwa amekitengeneza kwa kalamu ya wino baada ya onyo moja la kuonewa, na alikifanya kila jioni, kwa kila kazi, hata barua za kuomba kazi za watu wa kidato cha nne. Nilitaka kumpigia makofi.

"Mashine hii inashikwa na watu wawili," mwenye duka akasema. "Mama, wewe umeigusa?"

"Hapana."

"Basi."

Akamgeukia yule mchapaji wa pili. Huyu alikuwa na kosa la nyuma: mwezi uliopita alichanganya kurasa za wateja wawili, mchungaji mmoja akapelekewa mpango wa biashara ya baa, na mwenye duka alimwambia kabisa kwamba safari nyingine hakuna maneno.

"Mimi sijagusa, mzee," akasema. "Jana mchana mwalimu alikaa hapo, akasoma kazi yake. Mwulize."

Wote wakanitazama.

"Nilisoma tu," nikasema.

Sijui yalitoka wapi maneno hayo. Yalikuwa yameshatoka.

"Mwalimu aharibu kazi yake mwenyewe ili iweje?" mwenye duka akauliza, tena kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyonichoma. "Wewe ulimkalisha mteja kwenye mashine, hilo moja. Na uliposhika baada yake ukaharibu, ukaogopa kusema, ukaongeza maneno ya kufunika. Kusanya vitu vyako."

"Mzee," mama akasema, "daftari langu linasema imeguswa. Halisemi na nani."

"Nimekusikia, mama."

"Na mimi niliwahi kulaumiwa hivi hivi."

"Nimekusikia."

Yule mwanamke hakulia wala hakubisha. Alichukua kanga yake iliyokuwa kwenye kiti, chupa ya chai, mwavuli, na kiatu kimoja cha mtoto alichokuja nacho ampelekee fundi mchana. Kiatu kilikuwa na tundu kwenye kidole. Alikuwa na watoto wawili na mume ambaye shirika lake nalo lilikuwa limeuzwa, hayo nilikuwa nayajua vizuri sana, alinisimulia mwenyewe siku za nyuma huku akinitania. Vyote alivipanga ndani ya mfuko wa plastiki. Hakumtazama mwenye duka, alinitazama mimi, na hakuwa amekasirika. Alikuwa ananisubiri.

"Ni mimi," nikasema.

Mwenye duka akadhani hajasikia vizuri. "Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeifuta. Jana mchana. Na herufi nilizijaza mimi, ili idadi isikatae. Huyu dada hajagusa kitu."

Nikaeleza yote, habari za msimamizi, za nafasi ya uhadhiri, nikijisikia mdogo kwa kila neno. Mwenye duka alisema "Mwalimu" mara moja, basi, akaenda kusimama mlangoni akatupa mgongo. Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake.

"Umefuta ipi?"

"Ile ya mtu asiyejua namba."

"Ile tuliyoizungumza."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa si kweli?"

"Ilikuwa kweli."

"Basi inarudi," akasema, akavaa miwani, akakaa.

Hakunipa hotuba. Ningependa anipe, ningejitetea kidogo. Aliirudisha sentensi kutoka kwenye karatasi zangu za mkono, akaondoa maneno yangu ya kujaza moja moja, kisha akapitia kurasa zote na daftari lake, mstari wa tano, wa kumi, wa kumi na tano, mbele yetu sote, mpaka safu ikapatana. Ilichukua karibu saa nzima. Wateja waliokuwa na haraka aliwaambia wasubiri, na walisubiri. Ndipo akaitoa kwenye printa.

Mwenzake alikuwa bado amesimama na mfuko wake. Mwenye duka alimwambia bila kugeuka, "Weka vitu chini." Akaviweka. Nikamfuata nikamwomba radhi, naye akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ningetoka mlangoni, mwalimu, ungesema?"

Nilitaka kumjibu ndiyo. Yule mama alikuwa pale anasikia.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kukubali kwamba nimejibu.

Tasnifu ilikwenda Dar es Salaam na sharti lake. Mtahini mmoja alifungua ukurasa huo huo, akaweka kidole kwenye sentensi ile ile, akasema bila hiyo angeikataa kazi yote. Nilipita. Uhadhiri niliupata miaka miwili baadaye, kwa kazi nyingine, na kila mwaka ninapofundisha kugundua kuchezewa kwa habari ninaanza na safu ya herufi za mwisho wa mstari kabla sijaandika alama hata moja ubaoni. Wanafunzi huniuliza nani aliyebuni njia hiyo. Huwaambia ni mama mmoja mchapaji, wakadhani natania. Kwenye ukurasa wa shukrani nilimwandikia aya nzima ya sifa. Aliichapa mwenyewe, akaipunguza ikabaki mistari miwili, akaandika herufi yake ya mwisho kwenye daftari.

Niliendelea kupeleka kazi zangu pale mpaka mama alipostaafu na mwenzake akabaki na duka mkononi mwake. Utani ulirudi, polepole, na jina la mwalimu wa vitu visivyoonekana likarudi nalo. Ila nilipoingia tu, kabla ya salamu, alikuwa akizima skrini na kunionyesha benchi. Siku moja, baada ya miaka mingi, nikamwuliza kama ameshanisamehe.

"Nilikusamehe siku ile ile, mwalimu," akasema. "Kaa pale."